Kuhamisha matairi ya pikapu mwenyewe, kwa jeki moja na spea

Kwenye Hilux yangu, tairi linalokufa kwanza ni la mbele upande wa abiria. Bega lake la nje huanza kulika wakati yale ya nyuma bado yana kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, za kujivunia. Kwa miaka kadhaa nilinunua mawili ya mbele, baada ya muda mawili ya nyuma, kisha mbele tena, nikidhani ndivyo pikapu zinavyokula. Siku moja nikashusha spea iliyokuwa uvunguni tangu ninunue gari. Kashata zake zilikuwa mpya kabisa, lakini ubavu ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino kisichoonja mafuta. Nilikuwa na vibarua watano: mmoja nimembebesha magunia yote, na wa tano nimemlaza uvunguni mpaka kazeeka bila kufanya kazi hata siku moja.

Kuhamisha matairi ni kuwapangia vibarua hao zamu. Gereji nyingine husema kuzungusha, vijana wanasema roteshini. Kwa mtu asiye na haraka ni kazi ya saa moja na nusu hivi, na vifaa vingi tayari unatembea navyo. Nitaeleza kwa Hilux ya dabo kebini, usukani kulia, nati sita kila gurudumu. Lakini Ranger, D-Max, L200 na Navara zinafuata utaratibu huuhuu. Nikisema upande wa dereva ni kulia, upande wa abiria ni kushoto. Mwenye usukani wa kushoto akumbuke kugeuza.

Pikapu inavyokula matairi

Mbele kuna injini, kuna usukani, na ndiko breki zinakofanya kazi kubwa zaidi. Kila kona unayokata, mabega ya matairi ya mbele ndiyo yanayosuguliwa. Nyuma kuna difu inayosukuma na bodi inayobeba. Bodi ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi: matairi yanadundadunda kwenye changarawe na kuteleza ukikanyaga mafuta. Ukipakia magunia kumi ya mahindi kutoka Kiteto kwenda soko la Kibaigwa, matairi hayohayo yanabebeshwa tani nzima, na kama magunia ni ya lumbesa, tani na ushee.

Halafu kuna barabara yenyewe. Hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yamwagikie pembeni, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari muda wote limeinamia kidogo upande wa abiria. Dereva analirudisha kulia kwa usukani bila kujijua. Kwenye kipilefti tunazunguka kwa mkono wa kulia, uzito wa gari unahamia kushoto. Ndiyo maana lile tairi la mbele upande wa abiria halina bahati.

Kwa wenye fowili, pikapu inayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, kuna sababu ya ziada. Matairi ya mbele na ya nyuma yakizidiana sana kashata, mzunguko wake haulingani tena. Ukiingiza 4H (gia ya kusukuma mbele na nyuma pamoja) kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma vinavutana, na mvutano huo unaishia kwenye shafti na gia. Tofauti ya milimita 2 kati ya mbele na nyuma mimi naihesabu kuwa imetosha kunitoa kitandani.

Baada ya kilomita ngapi

Kilomita 10,000 ni kipimo kizuri kwa gari linalotembea zaidi lami. Kama unamwaga oili kila 5,000, basi kila oili ya pili hamisha matairi, huhitaji kalenda nyingine. Anayeshinda kwenye vumbi na mawe, au anayebeba mzigo kila siku, asingoje: 5,000 hadi 7,000. Matairi mapya usiyacheleweshe zamu ya kwanza. Kashata ndefu huyumba zaidi kuliko fupi, na tairi likishajifunza kulika vibaya likiwa bichi, tabia hiyo haitoki.

Soma kabla hujavua

Hapa ndipo nina ugomvi na mafundi wengi. Gari likifika wanavua, wanahamisha, wanakaza, wanapokea chao. Ushahidi umeshafutwa. Tairi linalolika vibaya linakuambia kitu kuhusu gari, na ukilipeleka nyuma kabla hujalisikiliza, ugonjwa umebaki palepale mbele na sasa unatafuna tairi jingine. Baada ya mizunguko mitatu utakuwa na matairi manne yaliyoharibika kwa usawa, na utasema chapa hii haifai.

Chukua chaki. Andika kwenye ubavu wa kila tairi lilikotoka: MD ni mbele dereva, MA mbele abiria, ND nyuma dereva, NA nyuma abiria, S spea. Kisha pima kina cha mifereji kila tairi sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Kipimo maalumu hakina bei kubwa, lakini njiti ya kiberiti inatosha. Isimamishe kwenye mfereji mpaka iguse chini, weka ukucha usawa wa kashata, ilaze kwenye rula. Usiipimie pale penye kivimbe kidogo ndani ya mfereji. Kile ndicho alama ya TWI, kina kimo cha milimita 1.6, na kashata zikilingana nacho tairi limekwisha. Mimi sisubiri huko. Chini ya milimita 3, masika yakikaribia, natafuta pesa ya matairi, maana kuhamisha hakurudishi mpira uliokwisha.

Sasa soma.

Mabega yote mawili yamelika, katikati pazima: upepo ulikuwa mdogo. Katikati pamelika, mabega mazima: upepo ulizidi, na kwa pikapu jambo hili huonekana sana nyuma, kwa mtu aliyejaza upepo wa mzigo kisha akatembea miezi sita bodi tupu. Bega moja tu limelika kama limekatwa kwa msasa: alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imeharibika, au kuna jointi iliyolegea inayoacha gurudumu lilale.

Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama msumeno, magurudumu ya mbele hayaangalii mbele sawasawa. Hiyo pia ni alaimenti, na jicho halitakuonyesha, ni kiganja tu. Ukikuta mabondemabonde, hapa pamelika pale pamebaki, kuzunguka tairi zima, mtuhumiwa wa kwanza ni shokapu iliyokufa, wa pili ni balansi.

Ukigundua lolote kati ya hayo, bado unaweza kuhamisha leo. Lakini kesho gari liende kwenye mashine ya alaimenti, au shokapu zibadilishwe, kabla tairi jipya la mbele halijaanza kulipa deni lisilo lake.

Wakati bado umechuchumaa, angalia na tarehe. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, mwishoni tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huenda upande wa nje hazipo, zipo ndani. Likishapita miaka mitano naliangalia mipasuko kila mara. Likifika kumi silihamishi popote, naliondoa, hata kama kashata zimejaa. Spea ndiyo hudanganya watu zaidi hapa.

Yanaruhusiwa kwenda wapi

Kabla ya kuchora njia, jibu maswali machache.

Je, matairi yote manne ni saizi moja? Pikapu nyingi ndiyo, mfano 265/65R17 pande zote. Kama mbele na nyuma ni tofauti, usihamishe kati ya mbele na nyuma.

Je, ubavuni kuna mshale wa mwelekeo? Matairi ya mshale huzunguka upande mmoja tu. Hayo yanahama mbele kwenda nyuma kwa upande uleule, hayavuki. Matairi mengi ya pikapu hayana mshale, lakini yapo ya matope yenye kashata za umbo la V, hivyo tazama.

Je, spea inafanana na wenzake: saizi, aina, na uwezo wa mzigo? Namba inayofuata saizi, kwa mfano 112, ni uwezo wa kubeba. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Spea yenye namba ndogo kuliko wenzake ibaki kuwa ya dharura.

Na rimu je? Hili linawakamata wengi. Gari lina spoti rimu nne za aloi, spea ina rimu ya chuma. Kwa Toyota, nati za aloi huwa na shingo na washa bapa, nati za chuma zina koni inayokaa kwenye shimo la rimu. Hazibadilishani kiholela. Nati ya koni kwenye rimu ya aloi isiyo na shimo la koni inagusa ukingo tu, inaonekana imekaza, halafu inalegea njiani. Kama rimu za spea na za gari ni tofauti, spea haiingii kwenye zamu.

Njia: duara moja lisilokatika

Kwa pikapu inayosukumwa nyuma, na kwa fowili, matairi ya nyuma yanakwenda mbele moja kwa moja upande uleule. Ya mbele yanakwenda nyuma kwa kuvuka. Spea ikiwa inafaa, inaingia nyuma upande wa dereva, na lile la mbele upande wa abiria linakwenda kupumzika uvunguni.

Ukiifuata njia hiyo kwa kidole utagundua kitu kitamu: ni duara moja. Spea inakwenda ND. Lililotoka ND linakwenda MD. Lililotoka MD linavuka kwenda NA. Lililotoka NA linakwenda MA. Lililotoka MA linakuwa spea. Maana yake huhitaji kuinua gari zima wala kuwa na stendi nne. Unainua kona moja, unavua, unafunga lililo mkononi, unashusha, unahamia kona inayofuata ukiviringisha lile ulilovua. Kila kona inainuliwa mara moja tu, na hakuna wakati gari linakosa magurudumu mawili.

Kama spea haifai kuingia kwenye zamu, bado ni mshika nafasi mzuri, mradi unayo nati inayoikubali. Ifunge ND kwa muda, endelea na duara lilelile ND, MD, NA, MA, na mwisho rudi ND, toa spea, funga lile lililotoka MA. Mara tano za kupiga jeki badala ya nne. Kwa matairi ya mshale fanya upande mmoja kwanza, spea ikishika nafasi nyuma wakati ya nyuma inakwenda mbele, kisha upande wa pili.

Vifaa

Jeki ya gari au ya chupa yenye uwezo wa tani 2 kwenda juu. Kipande cha mbao ngumu, futi moja kwa futi moja, cha kuwekea jeki kwenye udongo. Wili spana, kwa Hilux soketi ni ya milimita 21. Mawe mawili makubwa au mbao za kabari za kuzuia magurudumu. Stendi moja ukiipata. Brashi ya waya, geji ya upepo, chaki, kitambaa. Spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, ukiweza kuazima, na kama huwezi nitakuonyesha hesabu.

Bomba la kurefushia spana naliweka kwa ajili ya kulegeza peke yake. Liweke mbali wakati wa kukaza.

Kazi yenyewe

Simama mahali tambarare na pagumu. Asubuhi kabla gari halijatembea ni bora, kwa sababu upepo utaupima ukiwa baridi. Shusha mzigo wote. Vuta handibreki, weka gia ya kwanza, au P kwa otomatiki. Mwenye fowili ya mkono ahakikishe lile lever dogo haliko N: likiwa N, hata P haizuii gari, linabaki kushikwa na handibreki peke yake. Watu wamekanyagwa na magari yao kwa jambo hili.

Shusha spea kwanza, kabla jeki haijaingia popote. Kwenye Hilux imening'inia chini ya bodi kwa mnyororo wa winchi, unaingiza vyuma vya jeki kwenye tundu lililo nyuma karibu na bampa na kuzungusha. Kama hujaishusha miaka miwili, tegemea vita. Vumbi jekundu likichanganyika na maji linageuka saruji ndani ya ile winchi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, zungusha kidogo mbele na nyuma. Heri kupigana nayo leo nyumbani kuliko saa mbili usiku njiani na pancha.

Anza ND. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la MA, lile la mshazari. Legeza nati zote sita kwa nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litayumba na wewe utaitikisa jeki kwa nguvu zako mwenyewe.

Nyuma, jeki inakaa chini ya bomba la ekseli, karibu na gurudumu, ndani kidogo ya springi. Faida ya hapo ni kwamba huinui kimo chote cha springi, sentimita chache tu tairi limeachia. Usiweke jeki chini ya bakuli la difu. Mbele, weka kwenye chesisi nyuma ya gurudumu, mahali kitabu cha gari kinapoonyesha. Huko itabidi uinue juu zaidi kwa sababu gurudumu linashuka na springi kabla halijaachia ardhi. Kamwe usiguse bati la bodi wala sampo ya injini.

Inua mpaka tairi liachie kama sentimita tatu. Weka stendi. Kama huna, laza chini ya chesisi tairi lililo huru, karibu na unapofanyia kazi: jeki ikikimbia, gari litaangukia mpira na rimu, halitakuangukia wewe. Usiingize kichwa wala mguu chini ya gari linaloshikwa na jeki tupu.

Vua. Likigoma, limeshikwa na kutu kwenye habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa. Lipige teke la kisigino ubavuni, juu, kisha chini, nati mbili zikiwa bado zimeshika kwa nyuzi chache ili lisiruke likakuangukia.

Dakika mbili za thamani

Gurudumu likiwa nje, unaona vitu ambavyo siku nyingine ungelipia ili uvione. Mbele, tazama unene wa pedi za breki kupitia dirisha la kalipa. Ikibaki milimita 3 panga kuzibadilisha. Kama ni fowili, angalia mpira unaofunika sivii jointi, kiungo cha shafti ya mbele: ukipasuka, grisi hutapakaa kwa duara ndani ya rimu. Kagua mabomba ya mpira ya breki. Nyuma, kama kuna unyevu unaotoka chini ya ngoma ya breki, ama ni mafuta ya breki ama ni oili ya difu inayopita kwenye sili. Vyote ni vya fundi, na vyote ni vya wiki hii.

Kabla ya kuvua magurudumu ya mbele, yakiwa hewani, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, tikisa: likicheza ni tairodi endi. Huu ndio ushahidi unaoeleza lile bega lililolika ulilolisoma kwa chaki mwanzoni.

Kurudisha na kukaza

Piga brashi ya waya uso wa habu na upande wa ndani wa rimu panapogusana. Tabaka la kutu au udongo hapo linabonyea baada ya kilomita chache, na nati inalegea bila mtu kuigusa. Stadi, zile boliti zinazoshika nati, zisafishe zibaki kavu. Usipake grisi wala oili. Najua fundi atakuambia nati zitafunguka kirahisi siku nyingine, na ni kweli zitafunguka kirahisi, ila kwa nyuzi zenye mafuta nguvu ileile ya mkono inavuta stadi zaidi ya kipimo.

Inua gurudumu, liningʼinize kwenye stadi, anza nati zote sita kwa vidole. Kwa vidole. Nati inayokataa vidole imepinda nyuzi; itoe, safisha, anza tena. Kaza kidogo kidogo kwa kufuata jozi zinazotazamana: ya juu, kisha ya chini yake, kisha jozi inayofuata, mpaka rimu ikae wima bila kucheza. Shusha gari tairi liguse, halafu ndiyo ukaze kwa nguvu, kwa jozi zilezile, mara mbili.

Nguvu kiasi gani? Kitabu cha gari lako kinatoa kipimo kwa Nm (nyutoni mita), na kinaweza kutofautisha rimu ya chuma na ya aloi, kwa hiyo fungua ukurasa huo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba: urefu wa spana kwa mita, mara uzito unaousukuma kwa kilo, mara 9.81. Spana ya sentimita 30 ukiisukuma kwa kilo 35 unapata Nm 103. Mtu wa kilo 75 akipanda juu ya spana hiyohiyo na miguu yake, ni Nm 221. Ukichomeka bomba la mita moja na kulilalia kwa kilo 50, ni Nm 490. Stadi ya Hilux ni ya unene wa milimita 12. Niliwahi kukaziwa hivyo na kijana mwenye bidii kando ya barabara. Stadi ilikatika miezi miwili baadaye nilipopata pancha, nikalaumu ubora wa chuma.

Ondoa mawe, viringisha tairi ulilolivua mpaka MD, hamishia mawe kwenye NA, rudia. Kisha kona ya NA, mawe MD. Mwisho MA, mawe ND. Ukiwa na chaki huwezi kupotea: mwisho wa kazi, MD isomeke ND, NA isomeke MD, MA isomeke NA, ND isomeke S.

Tairi lililobaki lipandishe uvunguni. Hakikisha kile kisahani cha mnyororo kimekaa sawa katikati ya rimu, zungusha winchi mpaka iwe ngumu, kisha lisukume kwa mkono. Likitikisika, litadondoka kwenye makorongo na hutalisikia.

Upepo ni wa nafasi

Hatua hii ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo inayoharibu kazi yote. Gari dogo mara nyingi lina upepo unaokaribiana mbele na nyuma. Pikapu ya mzigo sivyo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye vipimo vya mbele na vya nyuma, bila mzigo na ukiwa na mzigo. Tuseme mbele ni PSI 29 na nyuma, ukibeba, ni 36. Umehamisha matairi, sasa mbele kuna 36 na nyuma kuna 29. Usukani utakuwa mwepesi na gari litarukaruka, hilo utaligundua. Usilogundua ni matairi ya nyuma yanayobeba tani moja yakiwa na upepo mdogo, ubavu unakunjwa na kunyooka mamia ya mara kila kilomita, joto linapanda, na tairi linapasuka mchana wa Dodoma likiwa kwenye lami inayochemka.

Kwa hiyo pima yote matano upya yakiwa baridi. Tairi likiwa limetoka safarini usitoe upepo kwa sababu geji imesoma juu. Joto limelipandisha, likipoa litakuwa chini ya kipimo. Spea ijaze kipimo cha juu kabisa kilicho kwenye kibandiko: kupunguza njiani ni rahisi, kuongeza hakuna kompresa porini. Gari lako likiwa na taa ya upepo kwenye dashibodi, fuata kitabu kuiweka upya.

Barabarani

Endesha kilomita chache taratibu, madirisha wazi. Mlio mpya kidogo ni kawaida. Kashata zilizozoea mbele sasa zinaimba nyuma. Usukani ukitetemeka kuanzia mwendo wa 80 hivi, tairi lililokuwa nyuma halina balansi na sasa limehamia mahali unapolisikia mikononi. Peleka likabalansiwe. Gari likivuta upande mmoja, kwanza rudia upepo, pili ndipo ufikirie alaimenti.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama, gari lipoe, kaza nati zote tena kwa kipimo kilekile. Si kwamba ulikosea. Rimu na habu zinajipanga. Nati moja ikizunguka hata robo, rudi kuikagua tena siku inayofuata.

Mimi nina daftari dogo kwenye deshibodi, pamoja na kalamu isiyoandika na nyingine inayoandika. Kila zamu naandika tarehe, kilomita, na vile vipimo vitatu vya kila tairi. Mstari wa mwisho unasema MA: ndani 7, katikati 7, nje 6.